Meko ya Mpakani: Historia Fupi ya Joto la Jikoni katika Busia na Tororo

Utangulizi

Neno jiko ni miongoni mwa maneno makongwe ya lugha yetu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamelifuatilia hadi kwenye lugha mame ya Kibantu, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za jirani. Wakikuyu, kwa mfano, husema riiko. Wingi wake wa asili ni meko, ijapokuwa wasemaji wengi siku hizi husema majiko. Sisi walimu tumekuwa tukiufundisha wingi huo wa meko kama kwamba ni masalio ya kale, kitu cha kumtahinia mwanafunzi na kisha kukiacha. Kumbe lugha ina mambo yake. Nenda leo katika duka lolote upande wa Kenya wa mji wa Busia uulize meko. Hutaonyeshwa mawe matatu, wala jiko la makaa. Utaonyeshwa mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, wenye kilo 6, uliofungwa kichomeo juu ya shingo yake na kuwekewa vyuma vya kutelekea sufuria. Neno la mafiga limehamia kwenye chuma na gesi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hili lilipohama, elimu iliyofuatana nalo haikuhama yote. Wazee wa mpaka huu wa Kenya na Uganda walijua kukaa na moto nyumbani pasipo kudhiliwa na joto lake la ziada. Walijua mahali pa kuuweka moto, njia ya kulitoa joto, na kazi ya kulipa joto lililobaki. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilikaa katika umbo la nyumba. Nyumba ilipobadilika, elimu nayo ilianza kupotea, na leo gesi imetukuta tumeisahau. Hilo si jambo dogo, maana anayelipa gharama ya usahaulifu huo ni mama anayepika chini ya bati saa saba za mchana, pamoja na watoto wanaolala katika chumba hicho hicho.

Mahali Penyewe

Yafaa kwanza tumkumbushe msomaji mahali tunapopazungumzia. Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka: kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na barabara moja inapita katikati ya forodha. Tororo iko kaskazini yake, ndani ya Uganda, kilomita chache kutoka mpaka wa Malaba, chini ya lile jabali mashuhuri ambalo huonekana kutoka mbali sana. Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote ilikuwa ndani ya Uganda, ndipo tarehe 1 Aprili mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Kwa hiyo Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo, pamoja na Wakhayo, Wamarachi, Wanyole na Wajopadhola wanaopakana nao. Serikali ziligawa ardhi, mafiga hayakugawanyika.

Hali ya hewa ndiyo jambo la pili la kukumbuka. Nchi hii iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Haina baridi ya Limuru wala ya Eldoret, ambako walowezi walijenga vyumba vyenye dohani ili wapate kuota moto jioni. Huku mpakani moto huhitajika kwa ajili ya chungu, na labda kidogo alfajiri wakati wa mvua za masika. Baada ya hapo joto lake ni mgeni aliyekwisha kunywa chai lakini hataki kuondoka. Basi swali la watu wa huku halikuwa namna ya kuongeza joto nyumbani. Lilikuwa namna ya kulitoa.

Mafiga Matatu

Jibu la kwanza la swali hilo lilikuwa mafiga. Waswahili husema kwamba jifya moja haliinjiki chungu, na methali hiyo hutumika zaidi kuhimiza umoja. Lakini mafiga yalibeba maana pana kuliko upishi hata mbali na pwani. Katika Kiganda jiwe la mekoni huitwa essiga, na neno hilo hilo ndilo jina la tawi kubwa la ukoo wa Kiganda: ukoo husimama juu ya amasiga kama chungu kisimamavyo juu ya mawe. Kwa wasemaji wa Kijaluo, walio jamaa wa Wajopadhola wa Tororo, mahali pa kupikia ni kendo. Palipo na meko ndipo penye nyumba.

Moto wa mafiga, tukiupima kwa vipimo vya kisasa, ni moto mbadhirifu. Sehemu ndogo tu ya joto la kuni huingia chunguni, yapata moja katika kila sehemu saba au kumi, iliyobaki hutawanyika. Mtu angetazamia basi kwamba jiko la kale lilikuwa tanuri la kumchoma mpishi. Halikuwa hivyo, na sababu yake ilikuwa nyumba yenyewe. Jiko aghalabu lilijengwa peke yake, kibanda mbali kidogo na nyumba ya kulala. Ukuta wake ulikuwa wa fito na udongo, na haukulifikia paa moja kwa moja. Paliachwa uwazi chini ya upenu kuzunguka pande zote. Paa lilikuwa la nyasi, nene, lenye kuzuia joto la jua lisishuke na kuruhusu moshi kupenya polepole. Mlango ulikuwa chini na uwazi ulikuwa juu. Hewa ya baridi iliingia mlangoni, ikapashwa moto mekoni, ikapanda, ikatokea upenuni. Hakuna aliyekuwa na haja ya kulisomea jambo hilo chuoni. Aliyejenga jiko bila ya uwazi huo angelikimbia mwenyewe siku ya kwanza.

Joto lililokuwa likipanda halikuachwa liende bure. Juu ya moto paliwekwa uchaga. Hapo zilikaushwa kuni za siku ya mvua, samaki wa ziwani, na mahindi ya mbegu ambayo moshi uliyakinga na dumuzi. Kwa hiyo mpishi aliyewasha moto mmoja alikuwa akifanya kazi tatu au nne.

Penye joto kubwa mno, kazi ilitolewa nje kabisa. Wanaotengeneza pombe ya ulezi na mahindi, ambayo Wateso huiita ajon na huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, hukaanga machicha ya unga uliochachuka juu ya bapa pana la chuma. Moto wa kukaangia hutapakaa pande zote, na mkaangaji hushika koleo lenye mpini mrefu. Hadi leo kazi hii hufanyika uwanjani, chini ya mti, si ndani ya nyumba. Umbali ndio kinga ya kwanza ya joto, nayo haina gharama.

Tusije tukayapamba mambo ya kale kupita kiasi. Joto lilidhibitiwa vyema, lakini moshi haukudhibitiwa vyema vile vile. Macho mekundu ya mama zetu na kikohozi cha watoto waliobebwa mgongoni mwa wapishi ni ushahidi tosha. Aidha, cheche moja katika paa la nyasi iliweza kuliangamiza boma zima. Tunasema tu kwamba katika habari ya joto, wazee walikuwa na jibu kamili.

Wala jibu hilo halikuwa la bara peke yake. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, karibu na paa, ili joto na moshi viende zao pasipo kupita vyumbani. Katika nyumba za udongo za miji ya Waswahili jiko lilikuwa uwani, nyuma. Hapa ni juu, pale ni nyuma, huku Busia ni kando. Shauri ni lile lile.

Udongo Kama Vazi la Moto

Ipo elimu ya pili ya joto katika nchi hii, nayo ni ya wahunzi. Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na kabla ya ukoloni wahunzi wa Kisamia waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali kuzunguka ziwa la Nyanza. Kuyeyusha chuma kwahitaji joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Moto wa namna hiyo hauwezi kupatikana kwa mafiga yaliyo wazi, kwa kuwa joto hukimbia. Mhunzi aliuvika moto vazi la udongo: tanuru lenye kuta, na mirija ya udongo iliyopitisha pumzi ya mivukuto hadi katikati ya makaa. Udongo ulifanya kazi mbili kwa pamoja. Ulilifungia joto ndani ambako lilihitajika, na ulimkinga mtu aliyekuwa nje.

Kanuni hii ilirudi Tororo katika karne ya 20 kwa ukubwa ambao mhunzi wa Samia asingeliuota. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilianzishwa huko kiwanda cha saruji, kwa sababu vilima vya jirani vina mawe ya chokaa. Ndani ya joko la saruji mawe huchomwa hadi kiasi cha nyuzi 1,450 za sentigredi, na ganda la chuma la joko hilo lingeharibika mara moja lau si matofali maalumu ya kuhimili moto yaliyopangwa ndani yake. Ni vazi lile lile la udongo. Mfanyakazi wa kiwanda aliifahamu kanuni hiyo kazini, kisha jioni akarejea katika nyumba ambayo haikuifahamu kabisa.

Bati, Saruji na Chumba cha Kupanga

Tumefikia sasa mageuzi makubwa. Reli kutoka Eldoret ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia Kampala mwaka 1931. Pamoja na reli na maduka ya Wahindi yalikuja mabati, na baada ya kiwanda kuanzishwa saruji ikawa karibu. Bati lilikuwa neema. Halishiki moto, halivuji kama nyasi kuukuu, na ni alama ya maendeleo ambayo kila mtu mwenye mshahara aliitamani. Lakini bati ni jembamba na hupitisha joto upesi. Jua la adhuhuri hulifanya kuwa jiko la pili lililopinduliwa juu ya kichwa cha mpishi. Nyumba isiyo na dari, iliyozibwa vizuri chini ya upenu ili wezi na popo wasiingie, ina moto pande mbili: chini moto wa kupikia, juu moto wa jua, na katikati yake binadamu.

Chungu nacho kilibadilika. Tangu siku za misafara ya pwani iliyotua Mumias, sufuria ilikuwa imeanza kuenea, hata Waganda wakaichukua kwa jina lake na kuiita sefuliya. Chungu cha udongo huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mtu huweza kuondoa kuni, na maharagwe yakaendelea kuiva kwa joto lililohifadhiwa. Sufuria hupata moto haraka na kulipoteza joto haraka. Hivyo ilibidi moto uwake muda wote wa upishi.

Mjini, mbali na ardhi ya ukoo, jiko la pembeni halikuwezekana tena. Mfanyakazi wa forodha, mchukuzi, mwalimu, na mama wa sokoni walipanga chumba kimoja, na chumba hicho kikawa sebule, ghala, mahali pa kulala na jiko. Kuni hazikufaa, yalifaa makaa. Upande wa Kenya jiko la makaa liliitwa jiko tu. Upande wa Uganda likaitwa sigiri, jina linalofanana na sigri ya Kihindi na pengine lilikuja na wafanyabiashara wale wale waliotuletea bati. Mpishi mwenye busara aliliwasha nje, akalipepea hadi moshi uishe, ndipo alipoliingiza ndani. Katika desturi hiyo ya kuwashia nje twaona mabaki ya shauri la wazee. Hata hivyo mbavu za jiko la bati zilitoa joto kila upande, na makaa yaliyofunikwa ndani ya chumba kilichofungwa usiku yaliwaua watu kimya kimya kwa hewa yao ya sumu, kama yanavyowaua hata sasa.

Jiko Lenye Udongo Tumboni

Mnamo Agosti 1981 ulifanyika Nairobi mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na nishati endelevu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika muongo uliotangulia, na misitu ilikuwa ikipungua. Katika miaka iliyofuata mafundi wa jua kali nchini Kenya walianza kutengeneza jiko la makaa lenye kiuno chembamba, ambalo lilikopa umbo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Ndani ya bati lake umo udongo uliochomwa. Pamoja na hilo, katika magharibi ya Kenya, lilienezwa jiko la kuni lenye kitovu cha udongo kilichojengewa mekoni, lililoitwa Maendeleo na baadaye Upesi. Vitovu vyake vilifinyangwa na akina mama wafinyanzi.

Majiko haya husifiwa kwa kuokoa makaa na kuni, na sifa hiyo ni ya haki. Sisi twapenda kuongeza sifa nyingine inayosahaulika: yaliurudishia moto vazi lake. Mama aliyepikia jiko lenye udongo tumboni aliweza kukaa karibu nalo bila ya kuunguzwa miguu. Kanuni ya mhunzi wa Samia ilikuwa imerejea nyumbani kwa njia ndefu, ikipitia Thailand na Nairobi.

Gesi Yaingia

Gesi ya kupikia si ngeni kabisa katika nchi zetu. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963 na gesi ilikuwa miongoni mwa mazao yake, mpaka kilipoacha kusafisha mwaka 2013. Lakini kwa miaka mingi gesi ilikuwa ya wenye nafasi. Iliyoifikisha kwenye vyumba vya kupanga ni mitungi midogo, na pia uhaba wa makaa. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwezi huo huo kituo kimoja cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia na marais wa nchi mbili. Mwaka 2023 Uganda nayo ilipiga marufuku biashara ya makaa katika sehemu zake za kaskazini. Kila zuio la namna hiyo huligusa jiko la Busia, maana makaa mengi hupita hapo.

Gesi ina sifa nyingi za kweli. Haina masizi, haina moshi wa kuumiza macho, na mtu akiizima imezimika. Haibaki ikifukuta kama makaa. Kwa sababu hizo watu wengi wameiona kuwa moto usio na joto la ziada. Hapa ndipo kosa lilipo. Kilo moja ya gesi ina joto jingi kuliko kilo moja ya makaa, na zaidi ya maradufu ya kilo moja ya kuni. Hata katika jiko zuri, nusu tu ya joto hilo, au zaidi kidogo, huingia sufuriani. Nusu nyingine huingia chumbani. Tena gesi inapoungua huzaa maji: kila kilo moja hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, usioonekana, ambao hulifanya fukuto la chumba liwe zito na jasho likatae kukauka.

Tutoe mfano wa kwetu wenyewe. Tuliwahi kupanga chumba cha futi 10 kwa 10 mjini Busia, chenye bati lisilo na dari na dirisha moja ambalo mwenye nyumba alikuwa amelikaza kwa misumari kwa kuogopa wezi. Meko yetu tuliyaweka pembeni, chini ya rafu ya mbao tuliyopangia karatasi za mitihani. Jumamosi moja tulichemsha maharagwe kwa muda wa saa tatu, katika sufuria pana kuliko meko yenyewe. Tulipoinua macho, mbao ya chini ya rafu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, kopo la plastiki la chumvi limelegea na kuinama kama mzee, na shingo ya mtungi ilikuwa moto haishikiki. Mama mmoja jirani, mtu mzima, alisimama mlangoni akatazama juu, kisha akauliza:

"Mwalimu, joto la moto wako hutokea wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Na mlango ukifungwa?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tulikaa tukapiga hesabu. Maharagwe yale yalitumia karibu nusu kilo ya gesi. Joto lililotukosa sufuriani na kutupata chumbani lilikuwa sawasawa na kuwasha hita ya umeme ya wati 1,000 kwa saa zile tatu, katika mji usiohitaji hita mwaka mzima. Na mama yule, ambaye hakuwa amesoma habari za wati, alikuwa ameligundua kosa kwa kutazama upenu tu. Alikuwa akitafuta uwazi ambao wazee hawakuwahi kuusahau.

Mambo Yanayotupasa

Kutokana na historia hii twaweza kutoa mashauri machache, nayo si mapya.

Kwanza, umbali. Kichomeo kisikae chini ya rafu, pazia, wala paa la plastiki. Mbao yoyote iliyo juu ya moto iwe mbali kwa sentimita 75 au zaidi, na ukuta wa mbao ukingwe kwa bati lililoachiwa nafasi ya hewa nyuma yake. Mtungi nao ujitenge na moto. Ni kweli kwamba mtungi unapotoa gesi hupoa wenyewe. Lakini sufuria pana iliyokaa juu ya meko madogo hulirudisha joto chini, kwenye shingo na vali. Gesi ikipata joto shinikizo lake hupanda kwa kasi: kwa propeni, shinikizo la nyuzi 40 ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la nyuzi 20. Basi kwa mapishi ya muda mrefu ni heri kichomeo cha mezani, kilichounganishwa na mtungi kwa mpira madhubuti, kuliko meko ya kubebea sufuria juu ya mtungi wenyewe.

Pili, njia. Chumba cha kupikia gesi chahitaji matundu mawili, la juu na la chini. La juu ni la joto na mvuke, ambavyo hupanda. La chini ni la hatari nyingine: gesi yenyewe, ikivuja kabla ya kuungua, ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni ikitafuta cheche. Tazama basi jinsi nyumba ya kale, yenye mlango chini na uwazi upenuni, ilivyokuwa tayari kwa moto ambao haukuwa umezuliwa. Mwali nao uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na wenye masizi, hewa haitoshi au kichomeo ni kichafu, na hapo sumu ya makaa yaweza kutokea hata kwenye gesi.

Tatu, kulihifadhi joto mahali pake. Maharagwe yaliyorowekwa usiku huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria iliyochemka, ikifunikwa na kutiwa ndani ya kikapu chenye matambara au majani makavu ya migomba, huendelea kuivisha chakula moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Nani asiyejua jinsi Waganda wanavyoyafunga matoke kwa majani ya migomba yakakaa na joto lake kwa saa nyingi? Kikapu hicho ni ndugu wa chungu cha udongo, na ni ndugu wa tanuru la Samia. Na palipo na nafasi ya uwanja, mapishi marefu yafanywe nje, kama wafanyavyo wakaangaji wa unga wa pombe.

Hitimisho

Tulianza na neno na twataka kumalizia na neno. Lugha yetu imejaliwa msamiati mwingi wa jambo hili: twasema joto, hari, fukuto, harara na vuguvugu, na kila moja lina mahali pake, twasema upenu, uchaga, dohani, tanuri na joko. Mwanafunzi wa leo anayeishi chumba cha kupanga huenda akalijua neno upenu katika mtihani asiweze kuuonyesha kwa kidole, kwa kuwa nyumba yake umezibwa. Tunapofundisha maneno hayo tusiyafundishe kama majina ya vitu vilivyokufa. Tumwambie mwanafunzi upenu ulikuwa na kazi gani, uchaga ulibeba nini, kwa nini jiko lilikaa kando na nyumba. Somo la msamiati litakuwa pia somo la kujenga nyumba na la kulinda maisha.

Nasi katika chumba kile tuliing'oa misumari ya dirisha, kwa idhini ya mwenye nyumba, tukatoboa matundu mawili ukutani chini ya bati, tukayafunika kwa wavu. Karatasi za mitihani zilihamia upande wa pili wa chumba. Jirani yetu alipopita tena alitazama juu, akatikisa kichwa cha kuridhika, na hakuuliza kitu.